Mtunga Uzi na Mwanangu wa Kati

Ketini, wanangu, ketini mahali ninapoweza kuona mikono yenu, na mnisamehe kwa neno hilo la kwanza, maana mgonjwa mwingine angeanza kwa dua na mimi nimeanza kwa mikono. Ndivyo nilivyo. Mtu aliyefanya kazi ya kufuli miaka arobaini na miwili, akafungua milango ya waliopoteza funguo na ya waliosema wamepoteza funguo, haangalii sura ya mtu kwanza. Wewe kifungua mimba wangu, hiyo simu uliyoiweka pajani ilaze juu ya meza. Kama unarekodi, rekodi, lakini niione. Mkewe, mkamwana wangu, sogeza kiti huku karibu na miguu yangu, maana hapo ulipo jicho lako linapanda rafu ya juu kila ninapokohoa. Na wewe kitinda mimba, binti yangu uliyenilisha na kunigeuza kitandani miezi saba hii, fungua dirisha. Fungua lote. Najua kuna baridi. Najua pia nani yuko chini ya hilo dirisha, kwa sababu nilikusikia ukitoka na kiti cha plastiki, ukarudi mikono mitupu.

Msiangaliane. Ndugu yenu wa kati yuko pale nje kwenye kokoto, na hajavuka kizingiti, kwa sababu miaka kumi na mmoja iliyopita nilimwambia mbele yenu nyote, "Usivuke kizingiti hiki nikiwa hai," naye amekuwa mtiifu kuliko nilivyostahili. Hata siku tuliyomzika mama yenu alisimama getini na kofia mkononi, nikamwona, nikapita. Leo nataka avuke. Sina haja nyingine iliyobaki duniani. Mengine nitakayosema ni mizigo ya kushusha njiani. Lakini siwezi kumwita hivi hivi, kana kwamba alikwenda dukani akachelewa kurudi. Lazima kwanza niseme nilichomfanyia, nikiseme kwa sauti apate kukisikia huko alipo, na sauti yenyewe ndiyo hii, mnaisikia inavyokwaruza.

Tuanze na hizi sanamu, maana ndizo mlizokuwa mkizihesabu kwa macho tangu mlipoingia. Msijisumbue, ziko kumi na tisa, nimezihesabu asubuhi. Ya kwanza niliipata bila kuitafuta. Kulikuwa na mchongaji tuliyemwita Kidole, kwa sababu tezo lilimwachia vidole vinne mkono wa kushoto. Siku moja alijifungia nje ya karakana yake akaja kuniita. Nilipoufungua mlango nikakuta watu wamesimama mle ndani kimya, wengine hawajapata nyuso, mmoja ana miguu tu, nikaruka nyuma kama mwizi aliyefumwa, na Kidole akacheka mpaka akakaa chini. Akanipa yule pale, mtu aliyebana sikio kwenye ubao wa mlango, akasema, "Mchukue, fundi, huyu ni wewe." Nikamweka juu ya redio. Mama yenu akamtazama akasema, haya, sasa nyumba ina wambea wawili.

Baada ya huyo sikuweza kujizuia. Akaja mama aliyembeba mtoto aliyelala, na mama mwenyewe amelala wima, mdomo wazi. Wakaja wale wazee wawili wanaogombea kiatu kimoja. Akaja yule bwana aliyesimama katikati ya chumba akasahau alichokuwa anafuata, mnayemcheka kila sikukuu, na mimi nikamcheka pia mpaka nilipofika umri wake. Wageni walidhani napenda uzuri wa kazi, na labda niliupenda, lakini leo niseme kweli: nilipenda kuwa na watu ndani ya nyumba wasiobadilika ukiwapa mgongo. Anayelia analia tu, hajageuka akacheka. Katika kazi yangu niliona waume wakifungua makabati ya wake zao, na watoto wakifungua masanduku ya baba zao ambao hawajapoa bado, nikaona kikulacho ki nguoni mwako si methali ya kusemea barazani. Nikaja nyumbani nikawatazama ninyi, damu yangu, kwa jicho lile lile.

Nikaweka kufuli ya pili kwenye mlango wa sebule hii. Nikazipanga sanamu nyuso zikielekea mlango, ili anayeingia ajue anaonwa. Kisha, kama nilivyokuwa nikitia alama funguo za wateja wangu, nikatia alama chini ya kila sanamu, vitobo vitatu vya ncha ya msumari, vidogo, usipoambiwa huvioni. Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nilizipindua moja moja mbele yenu nikikagua vitobo, ninyi mmekaa kwenye kochi. Watoto wa wenzangu walikaguliwa kucha na daftari. Ninyi mlikaa mkisubiri baba ajue kama ameibiwa na wanawe. Binti, usilie bado, sijafika.

Sasa mlete Mtunga Uzi. Mpitishe hapa nilipo nimshike nikisema habari zake. Aa, ana uzito huyu. Mnamjua: mwanamke ameketi, kichwa amekiinamisha, jicho moja amelifinya, mkono mmoja na sindano, mwingine na uzi usioonekana, na midomo ameibana kama mtu aliyejaribu mara nne na hii ni ya tano. Katika vyote alivyochonga Kidole hakuna kilichonikaa moyoni kama huyu. Mama yenu alikuwa akisema nimeoa mke wa pili wa mti. Tatizo lake lilikuwa moja, alikuwa anayumba. Kila lori likipita barabarani alitikisika, tik, tik, tik, nami nikanung'unika, nikamwekea karatasi iliyokunjwa, ikatoka, nikanung'unika tena. Miaka ilipita hivyo.

Mwaka ule alikuja hapa yule mwenye hoteli niliyemtengenezea kasiki yake ya fedha. Akaketi pale, akamwona Mtunga Uzi, hakunywa hata chai yake. Akaniomba nimwachie, nikakataa. Akaniomba tena, nikasimama, naye akaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha. Lakini wakati anaondoka nilichungulia kwenye pazia, nikamwona amesimama getini na ndugu yenu wa kati, wanaongea, wanapeana mikono. Kumbukeni ndugu yenu alikuwa fundi wa friji, na hoteli ina friji. Jambo la wazi kabisa. Lakini mwenye shaka haoni lililo wazi, hulizunguka akatafuta mlango wa nyuma. Nikalimeza, likakaa tumboni likakua.

Mwezi huo huo nikaitwa mji mwingine kufungua kabati la chuma la ofisi, nikalala huko siku mbili, funguo za sebule nimemwachia mama yenu. Niliporudi ilikuwa Jumamosi ya ukaguzi. Nikaanza na wazee wa kiatu, vitobo vipo. Mama na mtoto, vitobo vipo. Nikamshika Mtunga Uzi, nikampindua, chini yake ni peupe. Mti mpya, laini, hauna alama hata moja. Nikauliza nani amemshika. Ndugu yenu akainuka pale kwenye kochi, tena anatabasamu, akasema, "Mimi, baba. Nilimpeleka kwa Kidole ampige randa chini, alikuwa anayumba. Mtikise uone." Alikuwa amenifanyia mema, anangoja nitikise nifurahi.

Sikumtikisa. Nikamwambia ameniletea nakala, na Mtunga Uzi wangu yuko hotelini. Akaapa. Nikamwambia mwizi mzuri haji bila sababu nzuri. Mama yenu akasema, "Mume wangu, nenda kamuulize Kidole mwenyewe," na huo ndio ushauri wa pekee wa busara uliotolewa nyumba hii siku ile. Nikaenda. Lakini jueni kuuliza nako ni kazi ya ufundi, ufunguo ukiingia kinyume hata kufuli nzima haifunguki. Sikumuuliza Kidole kama alipiga randa. Nilisimama mlangoni pake, mbele ya wateja, nikamwambia, "Mwanangu alikuletea kazi yangu uitolee nakala, sivyo?" Mtu aliyechonga maisha yake yote, hajawahi kurudia uso, unamwita mghushi wa kazi yake mwenyewe! Akaweka patasi chini, akaniambia, "Kama baada ya miaka ishirini hujui mkono wangu ni upi, basi humo ndani kwako huna kitu changu hata kimoja." Akanifungia mlango. Mimi nikarudi nyumbani nikasema, mmesikia, amekiri.

Jioni ile ile mwanangu akatoka na begi moja. Kidole akafa mwaka uliofuata, hatukusemezana tena, na hilo deni la maneno nakwenda nalo, hakuna atakayenilipia. Mama yenu akaniomba miaka saba, akaniomba akiwa mzima, akaniomba mgonjwa, mara ya mwisho aliniomba kwa macho tu kwa sababu sauti ilikuwa imekwisha. Nikamwambia alale apumzike. Mtunga Uzi nikamgeuza uso ukutani nikamwacha hapo hapo rafuni, awe ushahidi, kila mgeni akiuliza nimweleze kwamba nina mtoto mwizi. Sikumgusa tena. Sikutaka mkono wangu ushike kitu cha uongo.

Nipeni mto. Juu kidogo. Hapo.

Wiki tatu zilizopita binti alikuwa anafuta vumbi akaniuliza, "Baba, na huyu wa ukutani nimtupe?" Nikamwambia amlete kwanza. Nilitaka nimtukane kabla sijafa. Akaniwekea kifuani, na kwa kuwa macho yangu siku hizi yanaona ukungu, nikampapasa, kama ninavyopapasa kufuli gizani. Shingo, bega, mkono. Chini ya kwapa la kushoto kidole changu kikasimama. Palikuwa na mstari, urefu wa njiti ya kiberiti. Nikaukuna kwa ukucha, ikatoka nta, na ile nta ikanuka rangi ya viatu.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hili hata mama yenu hakulijua. Mwezi wa kwanza Mtunga Uzi alipoingia nyumba hii nilimweka kwenye jua la dirisha, akapasuka. Nikaona haya kumwambia Kidole kwamba nimeharibu kazi yake ndani ya wiki tatu, nikauziba ufa mwenyewe, kwa nta na unga wa mbao, nikapaka juu rangi nyeusi ya viatu vyangu. Hakuna nakala duniani ambayo ingekuwa na ufa ule, na nta ile, na ujinga ule. Nikampindua. Chini amepunguzwa unene wa kidole, sawasawa kabisa, na vitobo vyangu vilikwenda na maranda. Hakuna aliyeiba kitu. Mtunga Uzi alikuwa hapa hapa rafuni miaka kumi na mmoja, nyuma ya kisogo chake mwenyewe, na mimi niliyejisifu kwamba najua kila kufuli nilisoma alama niliyoipiga mwenyewe, kazi yenyewe nikashindwa kuisoma. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja kinyume. Wangu amekuja akanikuta kitandani, siwezi hata kumkimbia.

Wewe uliye nje, umesikia? Nasema hukuiba. Ulisema kweli mara ya kwanza ulipofungua mdomo. Baba yako ndiye aliyekosa.

Bado kuna jambo. Mkamwana, usimguse mumeo, mwache ajisimamie. Kifungua mimba wangu, nimelala hapa wiki tatu nikiipitia siku ile kama mtu anayepitia mfuko wa funguo. Siku ndugu yako alipompeleka Mtunga Uzi kwa Kidole, wewe, kama mama yenu alivyonisimulia, ulikuwa unapaka rangi geti. Geti moja, brashi moja, kutwa nzima. Mtu aliyekumbatia mzigo wa urefu wa mkono, ameufunga shuka la mama yenu la maua, hana njia nyingine ya kutoka nyumba hii wala ya kurudi. Na siku ya ukaguzi wewe ulikuwa kwenye hilo kochi. Nami wakati ule nilikuwa nimekwisha kusema kwamba karakana itakwenda kwa ndugu yako, kwa sababu mikono yake ilikuwa myepesi kuliko yako, na ninajua ulivyolipokea. Sikuulizi kitu. Sina hakika na kitu. Nilimhukumu mmoja kwa vitobo vitatu. Sitamhukumu wa pili kwa kopo la rangi. Nimesema tu ili ujue kwamba nimewaza, maana kuwaza baya juu ya mtoto wako na kumchekea ni uongo pia.

Nini? Unasema nini? Nyanyua uso. Sema usikike dirishani.

Aa. Uliona. Ulimwona akitoka naye, ukamwona akirudi naye siku ile ile saa ya chakula, na hata maranda yalikuwa yameshika kwenye shuka.

Basi. Nyamaza. Usinipigie magoti, sakafu ina vumbi. Nilidhani siku nikilisikia neno hilo nitapata nguvu za kusimama nikuchape, na sasa nimelisikia, naona aibu tu, mwanangu. Ungesema siku ile ningekuamini? Labda ningesema mmekula njama wawili. Wewe ulifunga mdomo, mimi nikafunga mlango, na mlango ndio uliomuumiza. Ila utamwambia ana kwa ana, si kupitia kwangu na si kupitia dirishani. Hilo ni lako kabla jua halijazama.

Maji kidogo. Yatosha.

Sasa sikieni agizo, na msinikatize, pumzi imebaki ya kuhesabu. Nyumba hii ni ya nyote watatu, lakini binti akae humu mpaka atakapotaka kutoka mwenyewe, na asiambiwe kwamba aliolewa akarudi. Karakana na vifaa vyangu vyote ni vya wa kati, kama nilivyosema zamani. Akivikataa, viacheni hapo hapo, msimlazimishe, ana haki ya kukataa. Kifungua mimba, una kazi yako ofisini, shamba ni lako. Kufuli mbili za mlango huu zing'oeni kesho. Hizi sanamu gawaneni mtakavyo, ila ziwekeni chini, mahali wajukuu wanapofika, wazishike, wazipake mafuta ya mikono yao, wazidondoshe ikibidi. Zimekaa na mlinzi vya kutosha. Mkamwana, chukua yule mama na mtoto. Nilidhani unampimia thamani, kisha nikakusikia juzi ukimnong'oneza pole. Au labda ulijua nasikia. Mchukue tu, nimechoka kuchunguza.

Siku mkinibeba, atakayeshika mbele kulia awe wa kati... si kwa kumwonyesha mtu. Nataka bega lake. Kifungua mimba, shika nyuma yake.

Nawapa radhi zangu, nyote watatu, na wenzi wenu, na watoto wenu, zisizo na sharti na zisizo na alama. Mungu awape macho ya kuona kilicho mbele yenu. Mpendane kabla ya kuwa na hakika, maana hakika... hakika huja imechelewa. Na wewe, mwanangu wa kati, neno nililosema kizingitini nalirudisha. Nalila. Kwako siwezi kusema nimekupa radhi tu nikanyamaza, mimi ndiye ninayeomba. Usinisamehe kwa sababu nakufa. Kufa anakufa kila mtu. Nisamehe kama unaweza, na kama huwezi... ingia hata hivyo, uniangalie, uende zako.

Nyamazeni.

Kiti kimesogea. Mmesikia? Kokoto hizo... ni miguu yake, mguu wa kushoto anauburuta kidogo tangu mdogo. Geti liko kule, mlango uko huku, na sikio langu haliwezi tena... haliwezi kujua anaelekea wapi.

Binti, rudi. Usichungulie. Usiniambie.

Nimechungulia maisha yangu yote. Leo niacheni... niamini kwamba anakuja.